Vidole Ambavyo Laptopu Haikuvisikia

Laptopu zilipofika shuleni kwetu, hapakuwa na chumba cha kuziweka ila maabara. Ndicho chumba pekee kilichokuwa na vyuma madirishani, kufuli mbili mlangoni na soketi za umeme zinazofanya kazi. Basi mwalimu wa kemia akazishusha bureti zote, ile mirija mirefu ya kioo ya kupimia asidi, kutoka kwenye vishikio vyake, akazifunga moja moja kwa magazeti ya zamani, akazilaza ndani ya katoni, na katoni akaisukuma chini ya sinki. Laptopu zikapangwa juu ya meza ndefu ambazo bado zilikuwa na madoa ya asidi ya wasichana waliotutangulia. Nilikuwa kidato cha tatu. Mimi ndiye niliyemkunjia magazeti yale. Sikumbuki kuhuzunika. Nakumbuka harufu ya plastiki mpya, na jinsi taa ndogo za kijani zilivyowaka pembeni mwa kila mashine.

Shule iko juu ya mgongo wa kilima, mwendo mfupi kutoka Sosiot. Ukisimama mlangoni pa maabara, majani ya chai yanaanza hapo hapo, nyuma ya ua, yanashuka hadi mtoni na kupanda tena ng'ambo ya pili. Mvua hunyesha alasiri karibu kila siku, na paa likiwa la mabati, somo la saa nane lilikuwa somo la kutazamana tu. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni na sisi tukinakili bila kusikia neno. Laptopu zilimaliza tatizo hilo. Mvua ingeweza kupiga ilivyotaka; kila dawati lilikuwa na mwalimu wake mdogo anayeng'aa.

Nisizionee. Kwenye kioo kile niliuona moyo ukifunguka na kufungika, damu nyekundu ikitoka huku na ya bluu ikiingia kule, na kwa mara ya kwanza nikaelewa mchoro niliokuwa nimeukariri tangu kidato cha kwanza. Niliona mawimbi yakikutana na kufutana. Nilikuwa hodari. Nilijua njia za mkato ambazo mwalimu mwenyewe hakuzijua, na wasichana walikuwa wakiniita kutoka upande mmoja wa maabara hadi mwingine: "Siz, kuja uone, hii yetu imekataa!" Nilikwenda kwa mwendo wa fundi anayejua anahitajika.

Tulikuwa wawili kwa kila laptopu. Tulipoingia kidato cha nne, mwenzangu akawa msichana aliyekuja kwetu kukirudia kidato hicho. Alikuwa ametuzidi umri kidogo, mkimya, mwenye mabega mapana ya mtu aliyezoea kubeba. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya mtihani wa taifa katika shule moja ya upande wa Sotik, akapata D katika kemia. Alitaka kusomea uuguzi, na kwa D ile hakuna chuo ambacho kingemfungulia mlango. Mama yake alikuwa amempa mwaka mmoja zaidi, kwa sharti ambalo alinieleza siku ya kwanza, bila kulalamika, kama mtu anayetaja kimo chake.

"Mathe amesema tuangalie moku," aliniambia, yaani mtihani wa majaribio wa shule kabla ya ule wa taifa. "Nikitoka kwa D, naendelea hadi mwisho. Nikibaki hapo kwa D, nafunga vitabu, tunachuma pamoja."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sawa. Ningesema nini?"

Tayari alikuwa akichuma. Kila Jumamosi, na siku za juma kabla ya shule, alikuwa shambani na mama yake, na vidole vyake vilionyesha. Ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa chai, rangi ambayo sabuni haiitoi, na ngozi ya hapo ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama ngozi ya kisigino.

Laptopu haikuvisikia vidole hivyo.

Naandika jambo lilivyokuwa. Zile mashine zilikuwa na kile kibao cha kugusa chini ya herufi, unapitisha kidole na mshale unatembea. Yeye alipopitisha kidole, mshale ulisimama palepale. Alibonyeza zaidi, ukaruka hadi kwenye kona. Alijaribu kwa kidole cha mwisho, akajaribu kwa kifundo, akakilowesha kwa mate. Wasichana waliokuwa nyuma yetu wakacheka hadi wakalaliana, wakimwita bibi kizee.

"Shosho, si ubonyeze polepole!"

"Shosho, hiyo si jani, usiivunje!"

Alicheka nao, maana alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kuumizwa. Kisha akaisukuma laptopu upande wangu. Tangu siku hiyo mimi nikawa mkono wake. Alikaa karibu nami, mikono yake miwili imelala mapajani, akitazama mimi nikifanya majaribio yake. Ulikuwa mpango mzuri kwangu. Sikuwahi kugombania mashine na mtu.

Somo tulilolirudia zaidi ni lile la asidi na besi, kwa sababu halikosekani katika mtihani wa vitendo. Kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuliona, ni hivi: besi inawekwa ndani ya chupa yenye tumbo pana, pamoja na matone mawili ya dawa inayoifanya iwe pinki. Juu yake inasimama bureti, mrija mrefu wa kioo wenye vipimo ubavuni na koki ndogo chini, umejaa asidi. Unafungua koki, asidi inashuka, unatikisa chupa, na wakati fulani pinki inaondoka na maji yanabaki meupe kama ya kunywa. Hapo unafunga. Unasoma umetumia asidi kiasi gani. Hicho kiasi ndicho jibu, na unarudia mara tatu ili kuthibitisha.

Kwenye laptopu, pinki iliondoka kwa mpigo, kama taa iliyozimwa, na kengele ndogo ikalia. Kiasi kilikuwa ishirini na tano. Mara ya pili, ishirini na tano. Programu ilikuwa na zoezi moja tu. Labda mengine yalihitaji intaneti, na sisi hatukuwa nayo. Ukiandika namba nyingine yoyote, kisanduku kiligeuka chekundu na kukutaka ujaribu tena. Ukiandika ishirini na tano, kiligeuka kijani. Hakuna aliyetuambia tukariri. Tulifanya zoezi lile muhula baada ya muhula, na namba hiyo ikaingia mwilini, kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwao ni ngapi bila kuzihesabu.

Nakumbuka siku moja mwenzangu aliuliza, "Hii pinki, mbona inaenda haraka hivi? Kule Sotik ilikuwa inasitasita."

"Kule Sotik vyombo vyenu vilikuwa vya kitambo," nilimwambia.

Akarudisha mikono mapajani. Mimi nilikuwa na kisanduku cha kijani. Yeye alikuwa na D.

Moku ikafika. Mwalimu wa kemia alizirudisha laptopu kwenye makasha yake kwa siku mbili, akatoa katoni chini ya sinki, akafungua magazeti. Bureti mbili zilikuwa zimevunjika. Zilizobaki alizisuuza mwenyewe, na asubuhi, kabla hatujaingia, alifanya jaribio lile peke yake, kama inavyotakiwa, na kuandika namba yake kwenye karatasi aliyoikunja na kuitia mfukoni mwa koti. Tungesahihishwa kwa namba hiyo.

Niliposhika koki ya bureti kwa mara ya kwanza maishani, ilikuwa ngumu, kisha ikalegea ghafla na asidi ikamwagika kwa wingi kuliko nilivyotaka. Pinki haikuzimika kama taa. Ilififia. Ilikuwepo, ikawa hafifu, ikawa kama haipo, na nilipotikisa chupa sikuwa na hakika kama ninachokiona ni pinki au ni wekundu wa sweta yangu kwenye kioo. Nikatazama kipimo. Ilikuwa ishirini na mbili na ushee. Nikajiambia bado. Nikaendelea kufungua, tone kwa tone, hadi ishirini na tano, na hapo maji yalikuwa meupe kabisa. Bila shaka yalikuwa meupe. Yangekuwa meupe hata ningemwaga ndoo. Rangi ikishaondoka, chupa haikwambii umepita.

Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa meza, mkabala nami. Nilimwona alivyoshika koki. Alitia kidole gumba na cha shahada, vile vyeusi, na kuigeuza kama anavyolishika chipukizi, bila kuvuta. Matone yalitoka moja moja. Alikuwa amelaza karatasi nyeupe chini ya chupa, kitu ambacho laptopu haikutufundisha. Alifunga. Akainama, akasoma, akaandika. Akarudia mara tatu. Hakutazama mtu.

Nilisoma karatasi yake juu chini. Ishirini na moja nukta saba. Ishirini na moja nukta sita. Ishirini na moja nukta saba.

Mwalimu alikuwa ameenda upande wa dirisha kusaidia msichana aliyemwaga asidi kwenye sketi. Nikamnong'oneza mwenzangu:

"Umekosea. Ni ishirini na tano."

"Rangi imeisha hapa."

"Hizi ni bureti za kitambo, zimekaa chini ya sinki mwaka mzima. Kila mtu ameandika ishirini na tano. Wewe unataka ubaki kwa D?"

Nilisema hivyo. Nimejaribu kuikumbuka sentensi hiyo kwa namna nyingine na haikubali. Alinitazama muda mfupi, kisha akatazama kulia na kushoto, kwenye karatasi za wenzetu. Akachukua rula. Alipiga mstari mmoja juu ya kila namba, mistari mitatu iliyonyooka, na juu yake akaandika ishirini na tano mara tatu, kwa mwandiko mzuri. Nilifurahi. Nilihisi nimemwokoa.

Ijumaa mwalimu aliingia na rundo la karatasi, akaliweka mezani, akatoa ile karatasi mfukoni na kuikunjua.

"Namba yangu ni ishirini na moja nukta sita," alisema. "Nyinyi hamsini na wawili mmeandika ishirini na tano. Wote. Hata mapacha hawafanani hivi. Nani amewapa?"

Mvua ilikuwa bado haijaanza.

"Nimewauliza, ni nani amewapa hii namba?"

Msichana mmoja wa mbele akajibu kwa sauti ndogo, "Ni laptopu, mwalimu."

Mwalimu aliketi. Ni mtu ambaye alipenda sana kucheka, mwenye mizaha ya kwao upande wa Kisii, lakini siku hiyo aliketi kwenye kiti cha juu cha maabara na kuzitazama mashine zake, ambazo zilikuwa zimerudi mezani na taa zake za kijani. "Mimi ndiye niliyezifunga bureti," alisema mwishowe, na sijui kama alikuwa akituambia sisi. Kisha akasema tutarudia vitendo Alhamisi, kwa asidi nyingine, na alama zitakazopatikana ndizo zitakazohesabiwa.

Alipokuwa akigawa karatasi, alisimama mbele ya mwenzangu. "Hapa chini ya mstari kulikuwa na jibu," alimwambia. "Na jibu lililokatwa halisahihishwi. Unajua hivyo?"

"Najua, mwalimu."

"Mbona ukakata?"

Nilisubiri aseme jina langu. Alisema, "Niliona ni kama nimekosea."

Kwa alama zile za kwanza, jumla yake ya kemia ilikuwa D. Aliikunja ripoti mara nne na kuitia ndani ya soksi, kama wasichana wanavyoficha vitu, na tukashuka kilima pamoja hadi pale njia zinapoachana.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Laptopu ikawa yangu peke yangu, na nilipopitisha kidole mshale ulitembea kama kawaida.

Jumatano baada ya masomo nilikwenda kwenye kituo cha kupimia majani karibu na kwao. Ni kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara, na alasiri wachumaji wote wa kijiji huleta magunia yao hapo kabla lori la kiwanda halijafika. Niliwakuta kwenye foleni. Mwenzangu alikuwa amevaa aproni ya plastiki, majani yamemshika kwenye nywele. Aliniona, akageuza macho. Mama yake alikuwa mbele yake, mwanamke mfupi aliyekuja zamani kuchuma kwenye mashamba makubwa kabla hawajapata kipande chao. Mimi ni Mkipsigis, wao ni wa kabila jingine, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Tuliongea Kiswahili kile cha kwetu, ambacho si cha mtu yeyote.

Zamu yake ilifika. Karani alitundika gunia kwenye mzani wa umeme, akasoma.

"Mama, kumi na mbili."

"Pima tena."

"Mama, hii mashine haidanganyi. Angalia mwenyewe, imeandika."

"Naona imeandika. Mimi nimebeba hii kitu kutoka kule mtoni. Mgongo inajua kumi na mbili, na hii si kumi na mbili. Pima tena."

"Mama, kuna watu wanangoja."

"Wangoje," akasema mzee mmoja nyuma yetu. "Huyo mama akisema kitu, ujue umekosea."

Watu wakacheka. Karani akashuka kwenye kiti chake, akalishika gunia, akaona upande mmoja umeegemea nguzo ya kibanda. Akalisogeza. Namba zikapanda, zikatulia.

"Kumi na nne," alisema.

"Asante," mama akajibu, bila ushindi wowote, na akamwita binti yake walikunje gunia.

Hapo ndipo nilipomsalimu. Nilimwamkia kwa adabu zote, nikamwambia ninasoma na binti yake, ninakaa naye kwenye mashine moja. Nikamwambia kuna kurudia mtihani kesho. Akasema ameshaona ripoti. Nikasema ripoti ni ya namba niliyomwambia aandike. Nilimweleza yote, vibaya, nikianzia katikati: pinki, koki, mistari ya rula. Sikujua ninavyoweza kumweleza asidi na besi mtu aliyesimama na gunia tupu mkononi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yeye alipima?" aliuliza.

"Alipima. Mara tatu."

"Akapata ile ya mwalimu?"

"Karibu sana."

"Na wewe ulipima?"

"Nilipima pia."

"Ukapata ngapi?"

Nikasema ukweli. "Rangi iliisha ishirini na mbili. Nikaendelea mpaka ishirini na tano."

"Kwa nini?"

"Laptopu ilisema ishirini na tano."

Mama alimgeukia binti yake, si mimi. Alimwambia maneno machache kwa lugha yao, kwa ukali, na binti akainamisha kichwa. Kisha akarudi kwenye Kiswahili, labda ili na mimi nisikie.

"Mimi nimegombana na huyu karani miaka yote kwa sababu najua nilichobeba. Wewe umebeba kitu na mkono yako, umeona na macho yako, mtu ananong'oneza unakata? Hospitalini utafanya nini? Daktari akikuambia mgonjwa amepona na wewe unaona hajapona?"

Lori la kiwanda lilikuwa linapanda kona, na watu wakaanza kuyasogeza magunia.

"Kesho enda," mama akasema. "Ukirudi na D yako mwenyewe, nitaipokea. Si D ya mtu."

Najua yaliyofuata baadaye, na nitayasema hapa ili yasiwe mzigo mwishoni: alitoka kwa D. Katika mtihani wa taifa alipata alama alizohitaji, si za kushangaza, na leo ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Ndanai. Mimi nilipata alama nzuri kuliko zake katika karatasi za kuandika na mbaya kuliko zake katika vitendo, kisha mimi na sayansi tukaachana kwa amani. Laptopu bado zipo shuleni. Nimeambiwa bureti pia zimerudi kwenye vishikio, kwa sababu mwalimu aliomba kabati la chuma kutoka ofisini na kuzihamishia mashine humo.

Lakini ninaloliona nikifumba macho ni Alhamisi ile. Alikuja kwa kuchelewa, sketi ikiwa na umande hadi magotini. Wasichana wakamshangilia, "Shosho amerudi!" naye akacheka kabla hawajamaliza. Alichukua mahali pake mkabala nami. Mwalimu alisema tuanze. Nilifungua koki yangu, na safari hii nilikuwa nimelaza karatasi nyeupe chini ya chupa, na niliitazama pinki ikisitasita kama alivyosema inasitasita. Iliondoka mahali ambapo sikupatarajia. Nilishikwa na hofu ya kuwa peke yangu na namba, hofu ambayo sikuwa nimeijua mwaka mzima.

Nikainua macho, kwa mazoea tu, kuona yeye amepata ngapi.

Alikuwa ameshasoma. Kalamu ilikuwa mkono wa kulia, inaandika. Mkono wa kushoto, wenye zile ncha nyeusi, aliuweka juu ya karatasi, vidole vimebanana, akaifunika namba yake ili nisiione.